Bi Reki na Marobota Yenye Makopo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kiwandani, mtaani, hata kwa mkwewe, alikuwa Bi Reki, kwa sababu ya ile reki ya chuma ya mita tatu aliyoisukuma na kuivuta mbele ya tanuri tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mabega mapana kama kabati. Nyusi hakuwa nazo. Moto ulishazila zamani. Kila asubuhi alijichora nyingine kwa wanja, moja ikapanda kuliko mwenzake, basi siku nzima alionekana kama mtu anayekutilia shaka.

Kiwanda kilikuwa cha karatasi. Magogo yaliingia upande mmoja, yakamenywa magome, yakasagwa, yakapikwa yakawa uji, na uji ukatandazwa na kukaushwa ukatoka karatasi upande wa pili. Huko kukausha ndiko kunakotaka mvuke, na mvuke hauji bila moto. Miaka ya nyuma walichoma mafuta mazito yaliyoletwa kwa matangi. Baadaye wakubwa wakaona kwamba kuni wanazo, ila wanazitupa: magome, vumbi la mbao, tope linaloganda chini ya mapipa ya uji, na marobota ya vipande vya pembeni kutoka viwanda vya uchapaji, vile vilivyolowa wino na gundi visivyofaa tena kurudi kuwa karatasi. Vyote vikaamriwa viingie tanurini. Watu wakasema kiwanda sasa kinajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Lundo la tope lililokuwa likioza nyuma ya ukuta na kunuka mpaka madarasani kwa watoto wa jirani likaisha ndani ya mwaka mmoja, na Bi Reki alipenda kuwaambia wageni kwamba lundo lile amelimaliza yeye.

Kazi yenyewe aliipata kwa ugomvi. Wakati huo alikuwa mfagiaji wa magome. Mmoja wa watu wa moto alikuwa na tabia ya kuwapapasa wanawake wa ufagio wakiinama, na siku alipomfikia yeye alipigwa beleshi la mdomo, meno mawili yakaenda. Kesho yake msimamizi akamwita ofisini. Akajua kazi imeisha. Kumbe yule bwana hakurudi kwa aibu, tanuri linasubiri, na msimamizi anataka kujua kama mikono hiyo inaweza pia kushika reki. Wenzake wakacheka wiki nzima: aliyemng'oa meno ndiye aliyemng'oa kazini.

Hakuwa mtu wa upole, na asingekubali umsingizie. Baba yao alikuwa mwepesi wa mkono. Alipiga akiwa na hasira, na alipiga akiwa na furaha pia kwa kuogopa kwamba watoto watazoea. Walikuwa wawili, yeye na mdogo wake wa kiume, na tangu akiwa na miaka tisa Bi Reki alisimama mbele ya mdogo wake akachukua mgao wake na wa mwenzake. Mumewe alimnyanyulia mkono mara moja tu. Akatoka na alama ya kishikio cha sufuria kichwani, na ndoa ikafia hapo hapo, ikiwa imebaki na binti mmoja ambaye Bi Reki alimlea bila hata kofi, kwa sababu, alivyosema, alikuwa na kazi ya kutosha ya kupiga watu wazima.

Mwenzake motoni aliitwa Kipaza. Alikuwa na sauti ya kuvuka mashine tatu, na maneno hayakumwishia. Kila robota lililofika mlangoni alilitangaza kama mgeni wa harusini: sasa tunamkaribisha mgeni rasmi, robota la kalenda zilizochapwa zikasahau mwezi wa pili, apigiwe makofi. Bi Reki alikuwa akimwambia anyamaze, na siku Kipaza alipougua homa akakosekana, alirudi nyumbani akalalamika kwa binti yake kwamba kimya kimemuumiza kichwa. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja, wakinywea chai kikombe kimoja.

Ikafika Jumatano moja, saa nne za asubuhi. Bi Reki alipunguza feni inayopuliza hewa tanurini, akasubiri moto ulale, akanyanyua komeo, mlango ukafunguka. Kipaza alikata waya wa robota, wakalisukuma ndani pamoja. Alikuwa bado anatangaza. Kitu kikapasuka humo ndani kwa mlio wa tairi la lori, na moto ukatoka nje ya mlango ukamfunika Kipaza kuanzia kiunoni kwenda juu. Kikapasuka cha pili, na cha tatu, kila kimoja kikitema moto wa buluu. Bi Reki alikuwa ametupwa chini ubavuni mwa tanuri, masikio yanalia. Aliponyanyua kichwa alimwona mwenzake anakimbia kuelekea kwenye mwanga wa uwanjani, ovaroli linawaka. Mtu aliyepaza sauti maisha yake yote aliungua kimya.

Alimkimbilia, akamkata mtama, akamwangukia na gunia lililolowa, akauua moto kwa viganja na kwa kifua. Alipomshika mkono kumvuta, shati lilitoka, na kilichokuwa chini ya shati kikatoka nalo. Wengine wakaja wakambeba. Yeye akarudi ndani, maana mlango ulikuwa wazi na moto umeanza kulamba lundo la magome. Aliusukuma mlango kwa bega mpaka ukafungika, akashusha komeo kwa mkono mtupu. Kiganja cha kulia kikanata kwenye chuma. Alikibandua mwenyewe.

Kabla jua halijatua msimamizi alikuwa ameshaandika ripoti. Hakuwepo wakati wa moto, alikuwa ofisini akizungumza kwa simu, lakini aliandika kama aliyeona: mlango ulifunguliwa feni ikiwa bado kwenye kasi yake, uzembe wa mwanamke mwenye reki. Bi Reki aliambiwa akae nyumbani hadi aitwe. Mkono umefungwa bandeji kama boga, hakusinzia hata kidogo, si kwa maumivu peke yake. Alijua feni aliishusha. Aliisikia ikishuka kama mtu anavyomsikia mtoto wake akipumua.

Alhamisi asubuhi alikwenda kiwandani kama vile hakuambiwa akae nyumbani. Mlinzi akamtazama usoni, akaona hajachora nyusi siku hiyo, akafungua geti. Tanuri lilikuwa limezimwa linapoa. Aliichukua reki kwa mkono wa kushoto, akaanza kuvuta majivu, na saa nzima haikupita kabla ya chuma kugonga chuma. Alitoa vifuniko vitatu vya makopo, vimepinda na kuwa vyeusi. Tope halina makopo, wala magome hayana. Akaviweka kwenye aproni, akaenda uwanjani ambako marobota kumi na mawili kutoka kiwanda kilekile cha uchapaji kilicholeta robota la jana yalikuwa yakingoja zamu yake. Akakata waya wa la kwanza. Akalipasua kwa meno ya reki, tabaka kwa tabaka, mbele ya wakata magogo waliokuwa wakivuta sigara ukutani. Katikati kabisa, limezungushiwa karatasi kama yai kwenye kiota, lilikuwepo kopo la lita tano, limefungwa vizuri. Alilifungua, harufu ikawarudisha nyuma wote. Ilikuwa ile dawa chafu ya kuoshea wino kwenye mashine, inayowaka kuliko petroli. Marobota tisa kati ya kumi na mawili yalikuwa na mzigo.

Msimamizi alitoka nje, akatazama, akasema hilo halionyeshi kilichokuwemo kwenye robota lililoungua, na vifuniko vyaweza kuwa vya rangi ya kawaida. Ripoti inabaki ilivyo, labda apatikane mtu wa kusema nani aliyatia na nani aliyaleta. Kisha akaingia ndani. Mmoja wa wakata magogo akauliza, bila kumwuliza mtu fulani, haya marobota yanaletwa na lori la nani. Wote walilijua lori, na wote walimjua dereva. Alikuwa mtu mpole mwenye kupiga honi hata akirudi nyuma kwenye uwanja mtupu, ndiyo maana wakamwita Taratibu. Alikuwa mdogo wake Bi Reki.

Alimkuta nyumbani kwake mchana huohuo, anakula. Mkewe alikuwa anasuuza vyombo. Bi Reki hakubisha hodi. Alimwaga vile vifuniko kwenye meza, kimoja kikatumbukia kwenye sahani, na Taratibu akaacha kutafuna.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilijua yamo. Sikujua yatafanya hivyo."

Alimpiga kofi la kushoto, akampiga jingine, akamshika kola akamgongesha ukutani mpaka saa ya ukutani ikaanguka ikavunjika. Alimpiga mtu ambaye zamani alipigwa kwa ajili yake, na mikono ilikuwa myepesi vilevile, na jambo hilo lilimtisha hata alipokuwa anaendelea. Wifi yake alikuja na mwiko akamchapa nao mgongoni mara mbili tatu, akaona ni sawa na kupiga gogo, akaamua kumkumbatia kutoka nyuma na kulia. Ndipo Bi Reki akaacha.

Taratibu akaeleza yote sakafuni alipokuwa, pua inachuruzika. Dampo la mji lilikuwa limekataa makopo yale, na kila wakipeleka wanarudishwa. Mwenye kiwanda cha uchapaji akamwita yeye na mtunza ghala, akasema yafungwe katikati ya marobota, yakifika tanurini yatapotea, moto ni moto. Aliposita, akaambiwa aweke funguo za lori mezani, madereva wamejaa barabarani. Ilikuwa safari ya kwanza hiyo. Alikuwa amejiambia kwamba dada yake ana mlango mzito wa chuma mbele yake.

"Kesho utakuja kiwandani," Bi Reki akamwambia. "Utasimama mbele ya msimamizi, umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

"Wale watu wataniua."

"Usipokuja nitakufuata mwenyewe."

Lile ndilo neno alilokuja kulijutia kuliko makofi. Kwa sababu alfajiri ya Ijumaa Kipaza alifariki, na yeye hakuwa na habari.

Alipofika getini aliona mashine zimesimama na uwanja umejaa watu. Wakata magogo, watu wa uji, wanawake wa ufagio, wote nje. Katikati alisimama kaka yake Kipaza, aliyekuwa mkata magogo, mtu mrefu mwenye mikono ya kubeba mti peke yake, ameshika mtaimbo. Hakuwa analia. Bi Reki akaelewa bila kuambiwa, akajishikiza kwenye nguzo. Na kabla hajapata hata pumzi ya kusema pole, ikasikika honi ya lori barabarani. Taratibu alikuwa ametii. Tena alikuwa ameleta mzigo mwingine wa marobota kama ushahidi, na alikuwa anaingia polepole, kwa adabu, akipiga honi ili asimgonge mtu.

Walimvuta kupitia dirishani. Kioo kilivunjwa na yeye akapitishwa hapo hapo kilipovunjikia. Ngumi hazikuhesabika. Walimpiga kwa buti, kwa magome, kwa mnyororo wa kufungia magogo, na kila aliyempiga alitaja jina la marehemu. Mlinzi alipiga filimbi, akapigwa yeye, akaacha. Msimamizi alifunga mlango wa ofisi kwa ndani. Sauti moja ikasema apelekwe tanurini akaonje, na wazo hilo likawaingia kama pombe. Tanuri lilikuwa limewashwa upya alfajiri kwa zamu nyingine. Wakamburuta kwa miguu, uso unafagia changarawe, mpaka mbele ya mlango wa moto, na mtu akanyanyua komeo.

Bi Reki alikuwa ameshafika. Alipitia mlango wa majivu, mfupi, ambao ni yeye na Kipaza tu walioupita kwa kuinama. Alisimama kati ya watu na moto, reki mikononi, bandeji imelowa damu, joto linamchoma mgongo. Aliwaambia huyu hachomwi. Akawaambia akifa, aliyemtuma atalala usingizi mtamu, na ripoti itabaki kusema Kipaza aliuawa na mwenzake. Baadhi walisimama. Kaka yake Kipaza hakusimama.

"Sema kweli," alimwambia, naye hakupaza sauti. "Ni kwa sababu ya ripoti, au ni kwa sababu ni ndugu yako?"

"Ni ndugu yangu," Bi Reki akajibu.

"Na wangu?"

Yule mtu hakungoja jibu. Alinyanyua mtaimbo juu ya kichwa cha Taratibu. Bi Reki akazungusha reki kwa mikono yote miwili, mzima na mbovu, ikampiga chini ya kiwiko. Mfupa ulilia kama kijiti. Mtaimbo ukaanguka, na yule mtu mrefu akapiga magoti anautazama mkono wake ulivyoning'inia. Watu wakarudi nyuma. Kilichobaki kilikuwa ngurumo ya moto. Bi Reki alifunga mlango kwa kisigino, akasimama palepale, na kila aliyesogea alinyooshewa reki, mpaka polisi walipofika saa nzima baadaye.

Taratibu alipoteza jicho la kushoto na meno yote ya mbele. Mdomo uliopona ulitosha kusema. Mbele ya hakimu alieleza makopo, ghala, funguo mezani. Mwenye kiwanda cha uchapaji alikuja na mawakili watatu, akasema hajui lolote, yeye husaini karatasi tu. Mtunza ghala akafungwa miaka minne, Taratibu akafungwa miwili, na kiwanda cha uchapaji kikafungwa miezi minne kisha kikafunguliwa kwa jina jipya. Ripoti ya msimamizi ilifutwa naye akahamishwa. Bi Reki alishtakiwa kwa kuvunja mkono wa kaka yake Kipaza. Alikiri kabla hakimu hajamaliza kusoma, akapewa kifungo cha nje cha miezi sita, afagie hospitali. Alifagia. Wodi ya majeraha ya moto aliifagia mara mbili kwa siku.

Mkono ule uliunga vibaya, ukapinda. Kaka yake Kipaza hakuweza tena kushika shoka, akapewa kazi ya kuandika malori getini. Kila asubuhi Bi Reki alipita mbele yake, akasema habari za asubuhi. Kila asubuhi yule mtu aliandika.

Miezi minane baada ya mazishi, mke wa Kipaza alikuja kiwandani kuomba nafasi ya mumewe. Msimamizi mpya, aliyekuwa bado hajajua watu, alicheka akamwambia moto si jiko la nyumbani. Bi Reki, akiwa amesimama nje ya dirisha, alisema kwamba huyo mama ataingia zamu yake kesho, na asipoingia, reki ataishika msimamizi. Kesho yake mwanamke akaja amevaa ovaroli la marehemu, amelikunja miguuni.

Alimkaribia Bi Reki mbele ya tanuri, wafanyakazi wote wa zamu wanaona, akampiga kofi. Halikuwa kofi la kuonyesha watu. Lilimpeleka Bi Reki hatua mbili upande, mdomo ukapasuka, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alipigwa akaacha mikono chini. Mwanamke akampiga la pili. Akapumua.

"Hilo la kwanza ni la ndugu yako," akasema. "Hili ni la mkono wa shemeji yangu. Sasa nionyeshe mlango unafunguliwaje."

Bi Reki alifuta damu kwa mgongo wa kiganja kilichokakamaa. Akamwonyesha. Akamwambia robota lolote lisikatwe mlangoni, likatwe uwanjani, lipasuliwe lote, hata kama bosi analia mvuke umepungua. Akamwonyesha feni, akamwambia asiangalie mshale, mishale hudanganya, asikilize. Mwanamke alikuwa mzito wa kushika siku ya kwanza, siku ya tatu akawa anasukuma tope kuliko wanaume wawili. Taratibu alipotoka jela alihamia chumba cha nyuma kwa dada yake, hakuendesha tena gari, akawa fundi wa kukarabati viti, na mke wa Kipaza hakukanyaga nyumba ile hata alipokaribishwa kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mjukuu. Lakini kazini walisimama pamoja miaka tisa, mpaka Bi Reki alipostaafu. Hawakuwa marafiki. Bi Reki mwenyewe alisema hivyo kila alipoulizwa, na akaongeza kwamba hakuwahi kufanya kazi na mtu aliyekata waya vizuri kama yule.